Njia ya Kuteremka Mtoni

Vuta kiti karibu na redio. Leo tuzungumze habari za mto.

Nilipokuwa mdogo, kijijini kwetu kulikuwa na njia iliyoanzia barabarani kule juu, ikapita katikati ya mashamba ya watu na kuteremka hadi majini. Haikuwa na jina. Tuliiita njia ya mtoni, basi. Asubuhi ilikuwa ya akina mama na mitungi yao, mchana ya ng'ombe na mbuzi, jioni ikawa yetu watoto. Hakuna aliyewahi kuuliza ni ya nani. Mwenye shamba la kulia alipanda ua wake ukaishia kando ya njia, na wa kushoto vivyo hivyo, na wote wawili waliona ni kawaida.

Nimerudi huko hivi karibuni. Njia haipo. Palipokuwa na vumbi la nyayo zetu pameota mabingobingo, yale tunayoyaita nepia, na mbele yake kuna seng'enge. Mto uko palepale, ukinyamaza unausikia. Kuufikia ndiyo shida. Maji siku hizi yanatoka bombani, na nadhani ndiyo maana hakuna aliyepiga kelele siku njia ilipofungwa.

Shika picha hiyo, msikilizaji, kwa sababu yaliyotukuta sisi kijijini ndiyo yanayoikuta miji yetu ya Meru na Embu, na mjini hasara yake ni kubwa zaidi.

Meru una Kathita. Mto huo unatoka Mlima Kenya, unapita mjini, halafu unateremka hadi nchi kavu ya Tharaka na kumwagikia mto Tana. Embu una Rupingazi, ambao ndio mpaka wake na Kirinyaga; ukitoka Nairobi kupitia Mwea unauvuka kabla hujapanda kuingia mjini. Tena una Kapingazi, mdogo wake, unaopita jirani na mji na kujiunga na Rupingazi. Maji hayo yanaingia mto Thiba, na Thiba inaingia bwawa la Kamburu, lililokamilika mwaka 1974 kwa ajili ya umeme. Kwa hiyo tope linalobebwa na mvua kutoka kwenye ukingo uliochimbwachimbwa Embu haliishii Embu. Na ukishika barabara ya kutoka Embu kwenda Meru, ile inayopita Runyenjes na Chuka, unavuka Ena, unavuka Thuci, unavuka Nithi, unavuka Mutonga, na vijito vingi katikati. Sijui kama kuna wakazi wengi wa miji nchini Kenya waliobarikiwa mito kama sisi wa upande huu wa mlima.

Nasi tumeambiwa hivyo tangu zamani. Waembu husimulia kwamba chimbuko lao ni Mbui Njeru, karibu na Runyenjes, ambako Mungu alimuumba Mwene-Ndega na kumpa mke mrembo, Nthara, kando ya maporomoko ya maji. Taifa zima linaanza kwa mtu na mkewe kukutana ukingoni mwa mto. Wazee waliolihifadhi simulizi hilo walikuwa wanatuambia maji ni mahali pa kukutania.

Sasa nenda ukingoni mwa mto wowote mjini leo. Unakutana na nani? Unakutana na nyuma ya majengo. Tumejenga tukiupa mto mgongo. Mlango wa mbele unatazama barabara, na nyuma, upande wa maji, ndiko kunakopelekwa takataka na bomba la maji machafu. Mto wenyewe haujawa mchafu kwa hiari yake. Kitu kinachokaa nyuma ya nyumba, mahali asipofika mgeni, ndicho kinachotupiwa kila kitu.

Najua utaniambia kuna sheria. Ipo, na si moja. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 62, inasema mito yote ni ardhi ya umma. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka marufuku ya ujenzi ukingoni, kila upande wa mto, kwa umbali sawa na upana wa mto wenyewe, usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30, ukipima kutoka mahali pa juu kabisa ambapo mafuriko yamewahi kufika. Maana yake, kijito cha mita 3 kinadai mita 6 kila upande. Mto wa mita 12 unadai 12. Halafu ziko kanuni za kilimo za 1965, zinazotaja mita 2 kwa kijito chembamba. Mkulima akimsikiliza afisa wa kilimo anapata namba moja, akimsikiliza wa maji anapata nyingine, na mpima ardhi naye anakuja na yake. Anachofanya mkulima ni kuchagua ile ndogo. Wewe ungefanyaje?

Lakini hata tukikubaliana wote juu ya mita, bado kuna jambo ambalo sheria hizo hazilifanyi, na hili ndilo lililonileta hapa leo. Zinasema usijenge. Hazisemi karibu. Zinaacha kipande chembamba cha ardhi ambacho mwenyewe haruhusiwi kukitumia na jirani haruhusiwi kukikanyaga. Ardhi ya namna hiyo haina mtu wa kuililia. Akija mtu usiku na lori la mawe, nani atapiga mbiu? Kila mmoja anadhani ni ya mwingine. Mwaka 2004 tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u ilitoa ripoti kuhusu ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria katika nchi hii, na ukiisoma unaona namna viwanja vilivyotengwa kwa ajili ya watu wote vilivyoondoka kimoja kimoja kwa makaratasi tu, wakati wenyewe wako makwao wakiamini vipo.

Linganisha na Uhuru Park ya Nairobi. Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga pale jengo la ghorofa 60. Mwanamazingira Wangari Maathai alisimama, akatukanwa, akaandika barua, na jengo halikujengwa. Ujasiri wake tunaujua. Ila naomba utazame na bustani yenyewe. Ilikuwa na watu wake. Kulikuwa na mfanyakazi aliyelala kwenye nyasi saa ya chakula cha mchana, mhubiri, familia iliyopanda mashua Jumapili, kijana aliyempeleka mchumba wake kupiga picha. Mama Wangari alipopaza sauti, kila mmoja wa hao alielewa mara moja ni nini kinachotaka kuchukuliwa. Huwezi kumwelewesha mtu upotevu wa mahali ambapo hajawahi kukanyaga.

Ndiyo maana nasema mto unalindwa na njia. Jiwe la mpaka linang'olewa, na bango la serikali linafutika kwa mvua. Watu mia wanaopita ukingoni kila siku wakienda kazini na kurudi, hao hawang'oleki.

Nairobi imetufundisha pia bei ya kuchelewa. Agosti 2018 tuliona matingatinga yakibomoa majengo makubwa yaliyokuwa yamekalia kingo za mito, South End kule Lang'ata na Ukay kule Westlands. Majengo hayo yalikuwa na wapangaji, na wapangaji walikuwa na wafanyakazi. Kisha ikaja mvua ya 2024, Machi hadi Mei. Zaidi ya watu 200 walifariki nchini. Serikali ikaamuru watu waondoke mita 30 kutoka mtoni, na kule Mathare na Mukuru nyumba za mabati zikabomolewa huku mvua ikiendelea kunyesha, familia zikiahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia upya. Mimi sitaki kuona siku hiyo Meru. Sitaki kuiona Embu. Tena mwenye ghorofa ana wakili, lakini mama mwenye chumba kimoja cha mabati hana. Ukingo wa mto usipotengwa mapema, anayekuja kulipa ni yule aliyefika mwisho, ambaye hakupata pengine pa kukaa.

Sisi bado tuna muda, ingawa si mwingi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,545,714 katika kaunti ya Meru na 608,599 katika kaunti ya Embu, na nani asiyeona jinsi mashamba ya pembeni mwa miji yanavyokatwa ploti? Lililokuwa shamba la kahawa lina bango la kuuza ploti, futi hamsini kwa mia. Na ukikaribia mto, muuzaji anakuongezea sifa: mandhari ya mto.

Hapo sasa tufike kwenye ugumu wenyewe, maana sitaki kumlaumu mwenye shamba. Huku kwetu nchi imekaa migongomigongo, na kati ya mgongo na mgongo kuna mto. Ardhi ilipopimwa na kuandikishwa, kuanzia miaka ya mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni, ule wa Swynnerton wa 1954, na kuendelea baada ya uhuru, mashamba mengi yalikatwa marefu na membamba, kutoka barabara ya mgongoni hadi mtoni. Haukuwa ujinga. Ilikuwa haki: kila nyumba ipate udongo wa juu wa kahawa na chai, ipate na bonde la nduma na maji ya ng'ombe. Babu alipopewa hati, akaoneshwa kwa kidole: shamba lako linaishia kwenye mto. Leo ukimwambia mjukuu wake kwamba mita 12 za mwisho si zake za kutumia atakavyo, anakuona mwizi. Ukingo wa kilomita moja tu unaweza kuwa na wenyewe makumi.

Kwa hiyo anayedhani kazi hii ni ya tingatinga amekosea. Ni kazi ya kuketi na watu. Na nafasi nzuri kuliko zote ya kuketi nao ni siku shamba linapoacha kuwa shamba. Mtu akitaka kukata ekari zake ziwe ploti, lazima aje kaunti kuomba idhini, chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Huwa anaambiwa aache barabara ya kuingilia. Basi aambiwe aache na ukingo, usiwe kipande cha makaburi ya takataka nyuma ya ploti ya mwisho, uwe njia ya miguu inayoungana na ya jirani. Yeye mwenyewe atafaidika, kwa sababu ploti inayotazama bustani haiuzwi bei ya ploti inayotazama dampo. Na pale ambapo hakuna anayekata ploti, Sheria ya Ardhi ya 2012 inatambua haki ya njia ya umma juu ya ardhi ya mtu, na Katiba inataka anayenyang'anywa mali yake kwa manufaa ya wote alipwe fidia ya haki. Zana zipo mezani. Kinachohitajika ni manispaa iseme waziwazi: tunataka njia itakayofuata Kathita kutoka hapa hadi pale, na nyingine ifuate Kapingazi, na zichorwe kwenye ramani kabla idhini ya ploti nyingine haijatolewa.

Pengine unaniuliza, huo mto utatusaidia nini sisi wa ploti? Kwanza tujiulize kwa nini tunauliza. Embu kuna hoteli ya zamani inayoitwa Izaak Walton, jina la Mwingereza wa karne ya 17 aliyeandika kuhusu kuvua samaki kwa ndoano. Wazungu waliipa jina hilo kwa sababu walikuja huku kuvua trauti katika mito ya mlima. Kwao mto ulikuwa mahali pa kupumzika. Kwa mama zetu, katika miaka hiyohiyo, mto ulikuwa mtungi mgongoni na kamba kichwani. Si ajabu bomba lilipofika tuliugeuzia mto mgongo; tuliuona kama kazi iliyokwisha. Mapumziko ya mtoni hatukuwahi kupewa, na nadhani ndiyo maana hatuyadai.

Mimi nayadai. Mtoto wa mjini anacheza wapi? Kati ya magari. Mzee aliyetoka kijijini kumtembelea mwanawe anakaa wapi jioni? Ndani, anatazama ukuta wa jirani. Mvulana na msichana wanaotaka kuongea bila kununua soda wanaongea wapi? Na mwanamke anayetoka kazini saa moja usiku leo hapiti ukingoni mwa mto, kwa sababu ni kichaka, na kichaka kina watu wake. Wengine huitumia hofu hiyo kama sababu ya kufunga ukingo kabisa. Naona ni kinyume. Kichaka huwa cha wahalifu kwa sababu watu wema wamekiacha. Kata vichaka, weka njia pana na taa, mweke muuza mahindi ya kuchoma, na mambo yatabadilika. Nairobi kuna Bustani ya Michuki kando ya mto, karibu na mzunguko wa Globe. Ilikuwa dampo na maficho kabla ya waziri John Michuki kuisafisha, ikaachwa tena, ikafufuliwa mwaka 2020. Hadithi yake inaonyesha kwamba inawezekana, na inaonyesha pia kwamba ukipanda miti ukaenda zako, dampo linarudi.

Jirani zetu wa pwani wanalijua jambo hili siku nyingi. Unguja wana Forodhani, bustani mbele ya bahari, iliyofanyiwa ukarabati na kufunguliwa tena mwaka 2009. Jua likizama mji mzima uko pale, tajiri na maskini, wanakula mishikaki na kunywa juisi ya miwa wakitazama maji. Mombasa wana Mama Ngina, iliyotengenezwa upya na kufunguliwa 2019. Jaribu kumwambia mtu wa Mombasa kwamba pale patauzwa. Hutamaliza sentensi.

Kuna watu ambao tayari wanaukalia ukingo na sitaki wafukuzwe. Nawataja wenye vitalu vya miche. Umewaona, na miche yao ya parachichi na makadamia kwenye karatasi nyeusi, wakichota maji kwa ndoo. Hawamwagi zege, hawachimbi msingi, na macho yao yako mtoni kutwa nzima. Wape kibali na masharti, na umepata walinzi. Yuko na anayeosha pikipiki na magari. Huyo asogezwe juu kidogo, apewe bomba na shimo la kuchuja mafuta, maana sabuni na oili havina biashara na maji yanayokwenda kunywewa Tharaka. Na miti ipandwe ile inayoufaa mto: mringa, mkuyu, mianzi. Mkaratusi hapana. Michuki huyohuyo, mwaka 2009, aliagiza mikaratusi iondolewe kwenye vyanzo vya maji, na wazee wetu walikuwa wameshaupa mti huo jina la mnywa maji bila kungoja waziri.

Kazi ya kuhifadhi mito hii haianzi leo, na walioianza lazima niwape haki yao. Kuanzia 2004 serikali, pamoja na IFAD, mfuko wa kimataifa wa maendeleo ya kilimo, iliendesha miradi upande huu wa mlima, katika mabonde ya mito kama Kapingazi, Ena na Kathita, na vyama vya watumiaji maji vimepanda miti na kulinda chemchemi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo imekuwa huko juu, mashambani na misituni. Mto ukishashuka ukiwa safi kutoka msituni, ndipo unapokutana na mji.

Na tusiambiane hakuna pesa ya mahali pa watu wote. Meru iliandaa sherehe za Madaraka mwaka 2018 uwanjani Kinoru. Embu iliandaa mwaka 2023. Viwanja vilitengenezwa, barabara zikatiwa lami, na siku ilipofika kila kitu kilikuwa tayari kwa wageni. Njia ya miguu kando ya Rupingazi haihitaji hata robo ya jasho lile. Inahitaji kuwekwa kwenye mpango wa kaunti. Kila mwaka mpango wa maendeleo hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Tukienda, huwa tunaomba barabara na taa za soko, mambo ya lazima. Mwaka huu, mmoja wetu asimame aombe mto.

Na kabla ya hapo kuna kitu ambacho kila mmoja anaweza kukifanya, na ndicho nilichokifanya mimi baada ya kuikuta ile seng'enge. Nilikwenda ofisi ya ardhi nikaomba ramani ya eneo letu, ile yenye namba za mashamba. Unalipa, unapewa karatasi. Nikaikunjua juu ya kaunta, nikafuata kwa kidole kutoka barabara ya juu, namba kwa namba, nikiteremka bonde. Waliopima enzi zile walikuwa watu wa kuteka maji mtoni. Kati ya shamba na shamba wameacha mistari miwili iliyokaribiana, haina namba ndani yake, inashuka hadi majini. Ndiyo njia yetu. Ipo kwenye karatasi ya serikali mpaka leo, na hakuna aliyeifuta. Ramani hiyo sasa iko kwangu. Jumamosi hii naipeleka kwa chifu, na jirani mwenye seng'enge amekubali kuja.